Ruba na Safari Iliyoanzia Kwihara

Mgeni anayefika Kwihara, kilomita chache kutoka mjini Tabora, huonyeshwa tembe alimokaa David Livingstone mwaka 1872. Stanley aliondoka hapo tarehe 14 Machi kurudi pwani, na mzee akabaki miezi mitano akingoja wapagazi walioahidiwa kutoka Unguja. Walifika Agosti, tarehe 25 msafara ukashika njia ya kusini.

Mengi yameandikwa juu ya homa na imani ya mtu huyo. Mimi huvutwa zaidi na jambo dogo lililomo katika shajara yake ya mwisho, alipokuwa akivuka vinamasi vya Bangweulu: ruba. Walimng'ang'ania miguuni. Alijaribu kuwang'oa kwa vidole, nao wakateleza tu wala wasiachie. Kisha akaona wenyeji wakiwapiga kofi moja kali la kiganja, na ruba akaanguka. Akaiga.

Ruba hana mfupa hata mmoja. Ndani yake mna majimaji na nyama laini, vitu ambavyo hata vikibanwa havipungui. Misuli inayomzunguka kama pete ikikaza, mwili huwa mwembamba, basi hauna budi kurefuka. Misuli ya urefuni ikikaza, hufupika na kunenepa. Hushika kwa mdomo, huvuta mkia, hushika kwa mkia, hujinyoosha: ndio mwendo wake. Nyungunyungu hutoboa udongo wa mashamba yetu kwa kanuni hiyo hiyo. Hata mkonga wa tembo, mnyama ambaye pembe zake ndizo zilizoitajirisha Kwihara, hauna mfupa, ila humo misuli yenyewe hushika nafasi ya majimaji.

Kwa hiyo anayemvuta ruba humrefusha tu, na vinyonyeo vyake vinaendelea kushika. Kofi halishindani na urefu wake, humshtua akaachia. Wenyeji walilijua hilo bila kitabu, na shajara haikuwataja majina.

Livingstone alifariki kwa Chitambo mwaka 1873. Ruba akikauka hubaki kama kipande cha uzi, lakini mtu ana mifupa. Chuma, Susi na wenzao walizika moyo na matumbo chini ya mti, wakaukausha mwili juani kwa chumvi, wakaufunga kwa gome na kuubeba. Oktoba walifika nao Kwihara. Luteni Cameron, aliyekuwa hapo, akawashauri wauzike papo hapo. Walikataa, wakaendelea nao hadi Bagamoyo.