Michezo na shughuli za nyumbani zinavyomfunza mtoto Kishona

Kishona ni lugha ya Kibantu inayozungumzwa na wananchi wengi nchini Zimbabwe, na vilevile katika sehemu za kati za Msumbiji. Katiba ya Zimbabwe ya mwaka wa 2013 inaitambua miongoni mwa lugha 16 za taifa hilo. Hata hivyo, katika nyumba nyingi za tabaka la kati jijini Harare, na miongoni mwa familia zilizohamia Afrika Kusini na Uingereza, wapo watoto wanaokielewa Kishona lakini wakiulizwa jambo hujibu kwa Kiingereza. Mitaani, vijana wa aina hiyo hubandikwa jina la kejeli, masalad, kana kwamba chakula chao ni saladi wala si sadza, yaani ugali.

Hasara yake si ya msamiati pekee. Nyanya aliyebaki kijijini, ambaye hajui Kiingereza, hukosa maneno ya kumrithisha mjukuu wake, na mjukuu naye hukua akimwona kama mgeni. Wazazi wengi wanapotanabahi hukimbilia kumnunulia mtoto vitabu vya sarufi. Lakini mtoto mdogo hashiki lugha kwa kukaririshwa. Huishika ile anayoihitaji ili acheze, ale na ajibiwe.

Salamu na heshima

Mahali pa kuanzia ni alfajiri. Mshona akiamka husalimu "Mangwanani", kisha huuliza "Marara here?", yaani mmelala salama? Jibu ni "Ndarara kana mararawo": nimelala salama ikiwa nanyi mmelala salama. Ndani ya salamu hiyo mtoto hupata mafunzo mawili. Kwanza, mtu mzima mmoja huambiwa kwa wingi kama ishara ya heshima. Pili, hali ya mtu hutegemea hali ya mwenzake. Salamu huandamana na kupiga makofi polepole: wanaume hunyoosha viganja, nao wanawake huvikunja kidogo. Mtoto wa miaka miwili hufurahia makofi hayo kabla hata hajaweza kutamka maneno.

Michezo ya uwanjani

Mchezo wa nhodo unashabihiana na mdako. Vijiwe huwekwa katika kishimo, mchezaji hurusha kimoja juu, huvitoa vingine kwa haraka, kisha hukidaka kile cha kwanza kabla hakijaanguka. Vijiwe vinapohesabiwa, mtoto hujifunza piri, tatu, shanu na gumi, tarakimu ambazo msemaji wa Kiswahili atazitambua papo hapo. Katika mahumbwe, watoto huigiza maisha ya nyumbani: mmoja huwa baba, mwingine mama, wengine wana. Hapo hulazimika kutumia majina ya ukoo: sekuru (babu, au mjomba), ambuya (nyanya) na tete (shangazi). Mzazi akikubali kuwa "mtoto" katika mchezo huo, atasikia jinsi mwanawe anavyotoa amri, na atagundua maneno yanayompungukia.

Michezo ya jozi nayo hufunza ngeli bila kuzitaja. Mzazi akisema munhu, mtoto ajibu vanhu. Akisema muti, ajibu miti. Akisema chigaro, yaani kiti, ajibu zvigaro. Sauti hiyo ya zv hutamkwa kama mbinja hafifu, na watoto huona raha kuijaribu mradi wasichekwe wanapokosea.

Jikoni na mezani

Upishi wa sadza ni darasa kamili. Mtoto huagizwa mvura (maji), hupfu (unga), munyu (chumvi) na mugoti (mwiko). Anapoomba kitu kwa mkubwa hufundishwa kusema "Ndipeiwo", nipeni tafadhali, wala si "Ndipe" analomwambia mwenzake. Baada ya kula hushukuru, na shukrani ya heshima hutaja mutupo, yaani jina la ukoo linalotokana na mnyama au kitu kingine, kama vile Shumba (simba), Soko (nyani) au Moyo. Mtoto hurithi mutupo wa babake. Kubahatisha mutupo wa kila jamaa anayezuru nyumbani ni fumbo linaloweza kuchezwa mezani kila wiki.

Ngano za usiku

Masimulizi ya Kishona huitwa ngano, na msimulizi ni sarungano. Yeye huanza kwa "Paivapo", hapo zamani palikuwa, nao wasikilizaji huitikia "Dzepfunde!" Waswahili watakumbuka "Paukwa!" na "Pakawa!" Tofauti ni kwamba kiitikio cha Kishona hurudiwa kila msimulizi anapotua. Kwa hiyo, hata mtoto asiyeweza kuunda sentensi huwa na kazi katika hadithi ya Tsuro, sungura mjanja, na mwenzake Gudo, yaani nyani. Usiku wa tatu au wa nne, mtoto apewe nafasi ya kumalizia hadithi mwenyewe.

Suala hili linaigusa Kenya pia. Washona waliofika mwanzoni mwa miaka ya 1960 kueneza injili walifanya makao Kiambu, wakaishi miongo mingi bila uraia hadi Desemba 2020, serikali ilipotangaza kuwatambua 1,670 kati yao. Hao pia wana jukumu la kulea lugha ya nyumbani mahali ambapo Kiswahili, Kikuyu na Kiingereza vinasikika kila upande.

Mzazi asitishike mtoto anapochanganya lugha, kwani hiyo ni hatua ya kawaida ya ukuaji. Badala ya kumkaripia, ayarudie maneno yake kwa Kishona sahihi, kisha mazungumzo yaendelee. Wala asingoje hadi apate Kishona cha vitabuni: kama yeye ni Mkaranga au Mmanyika, amzungumzie mwanawe lahaja yake. Washona husema "Mwana asingachemi anofira mumbereko", mtoto asiyelia hufia katika mbeleko. Mtoto hupata anachohitaji kwa kutoa sauti, na ni juu ya jamaa zake kumpa kila siku sababu ya kuitoa sauti hiyo kwa Kishona.