Kuuza nyumba Cabo Delgado: Ukarabati upi utangulie?

Waliorejea Mocímboa da Praia, Palma na Macomia baada ya kuyakimbia mashambulizi yaliyoanza Oktoba 2017, wengi wao walizikuta nyumba zao zimechakaa, zimeezuliwa au zimechomwa. Kwa familia inayofikiria kuuza na kuanza maisha mahali pengine, fedha ni chache na kasoro ni nyingi. Inalazimika kuamua zipi zirekebishwe kabla ya mnunuzi kufika, na zipi ziachwe.

Kinachouzwa ni jengo

Nchini Msumbiji ardhi yote ni mali ya dola. Katiba ya mwaka 2004 na Sheria ya Ardhi namba 19 ya mwaka 1997 zinakataza kuiuza au kuiweka rehani. Mwananchi ana haki ya kuitumia, ijulikanayo kwa kifupisho cha Kireno DUAT, na anachoweza kuuza ni alichojenga juu yake. Mjini, nyumba inapouzwa kihalali, haki ya kutumia kiwanja huhamia kwa mnunuzi pamoja nayo. Vijijini, uhamisho huhitaji idhini ya mamlaka. Kwa hiyo, nyumba iliyoachwa hadi ikaanguka humwacha mwenyewe na ardhi asiyoruhusiwa kuiuza. Iliyosimama, hata isipokuwa na rangi, bado ni mali.

Paa kabla ya yote

Maji yakipenya juu, hakuna ukuta utakaodumu. Nyumba ya miti na udongo huanza kumomonyoka katika msimu mmoja wa mvua, ambao katika pwani hiyo huanza takriban Desemba hadi Aprili. Kimbunga Kenneth, kilichopiga mkoa huo tarehe 25 Aprili 2019 kwa upepo uliofikia takriban kilomita 220 kwa saa, kiliacha maelfu ya nyumba bila paa. Bati lililotoboka, misumari iliyoliwa na kutu ya chumvi ya bahari na makuti yaliyooza hubadilishwa kwanza. Mbao za paa zifungwe imara kwenye kuta, kwani upepo hulinyanyua paa zima palipo na viungo dhaifu.

Baada ya paa hufuata nguzo na kuta. Nguzo iliyoliwa na mchwa chini ya udongo huonekana nzima kwa nje. Ichokolewe kwa kisu pale inapoingia ardhini. Katika nyumba za mawe ya matumbawe, kama zile za kisiwa cha Ibo, nyufa zizibwe kwa chokaa. Lipu ya saruji huzuia unyevu kutoka ukutani, na mawe huendelea kuoza ndani kwa ndani. Zege lisichanganywe na mchanga wa ufukweni usiooshwa, maana chumvi yake huozesha nondo.

Yanayoweza kusubiri

Rangi, dari, vigae na milango ya mapambo ni mambo ya kuchagua. Mnunuzi ana ladha yake, na mara nyingi huviondoa. Kipimo ni hesabu nyepesi: ikiwa kazi itagharimu metikali 20,000 na bei itapanda kwa 10,000 tu, ni afadhali kupunguza bei na kuieleza kasoro waziwazi. Kupaka rangi juu ya ufa ili usionekane ni hatari, kwani sheria ya kiraia humpa mnunuzi njia ya kudai kwa kasoro alizofichwa.

Karatasi nazo ni ukarabati

Hati nyingi zilipotea wakati wa kukimbia. Sheria ya Ardhi inaitambua haki ya aliyekalia ardhi kwa mujibu wa mila za jamii yake, na ya raia aliyeitumia kwa nia njema kwa angalau miaka 10, hata asipokuwa na hati. Ushahidi wa mdomo wa wanajamii hukubalika. Ni busara kuwaona majirani, viongozi wa mtaa na ofisi ya manispaa au ya wilaya kabla ya kununua hata bati moja. Nyumba ikiwa ni ya mirathi, warithi wote wakubaliane kwanza, hata walio mbali. Paa jipya halitamaliza ugomvi wa ndugu, na mnunuzi makini huuliza habari za wenye nyumba kabla ya kuzikagua kuta.