Nani Hubanwa Serikali Inapobana Matumizi?

Tarehe 26 Juni 2024, siku moja baada ya waandamanaji kuvamia majengo ya Bunge jijini Nairobi, Rais William Ruto alikataa kutia saini Mswada wa Fedha uliolenga kuiingizia serikali shilingi bilioni 346 kupitia kodi mpya. Tarehe 5 Julai alitangaza namna ya kuziba pengo hilo: bilioni 177 zingepunguzwa katika matumizi, na bilioni 169 zingekopwa. Washauri serikalini wangepunguzwa kwa nusu, safari za nje zisizo za lazima zingesitishwa, na mashirika 47 ya umma yangevunjwa.

Hatua hizo zilijibu hasira ya haki, kwani walipa kodi walichukizwa na anasa ya viongozi kama walivyochukizwa na kodi zenyewe. Hata hivyo, makala haya yanashikilia kwamba mzigo wa kubana matumizi huamuliwa zaidi na sheria inayopanga nani alipwe kwanza kuliko na orodha ya anasa.

Kifungu cha 214 cha Katiba ya 2010 kinaagiza deni la umma lilipwe moja kwa moja kutoka hazina kuu. Mapato yakipungua, mdai hapunguziwi chake. Na mkopo wa kuziba pengo humwongezea madai. Mishahara nayo si rahisi kuigusa. Makali huwaangukia wasio na kinga. Mgao wa kaunti, uliokuwa umepitishwa kuwa bilioni 400.1, uliishia bilioni 387.4 baada ya mvutano wa Seneti na Bunge la Kitaifa. Kaunti ndizo zinazoendesha zahanati na shule za chekechea. Kweli, Kifungu cha 203 kinazihakikishia angalau asilimia 15 ya mapato, lakini hesabu hiyo hutumia mapato ya mwaka wa karibuni ambao hesabu zake zimekaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Kitaifa, kwa hiyo kiwango hicho hubaki chini mno ya mahitaji.

Kuna upungufu mwingine wa kiutaratibu. Kifungu cha 223 kinaruhusu serikali kutumia fedha zisizoidhinishwa, mradi iombe idhini ya Bunge ndani ya miezi miwili. Ila kutotoa fedha zilizokwisha kuidhinishwa hakuhitaji, kwa vitendo, kura ya mbunge yeyote: Hazina ya Kitaifa huchelewesha tu, na zahanati ikakosa dawa ingawa bajeti yake ipo kwenye vitabu.

Watetezi wa serikali husema kwamba nchi isiyolipa madeni hupoteza imani ya wakopeshaji. Ni kweli, ila hoja hiyo haihalalishi usiri. Kifungu cha 201 kinadai uwazi, uwajibikaji na ushirikishwaji wa umma katika fedha zote. Kwa mantiki hiyo, kila punguzo, likiwemo la kucheleweshwa, lifikishwe Bungeni likitaja fungu lililokatwa na huduma itakayosimama, kisha Mkaguzi Mkuu alifuatilie. Mwananchi aliyekataa kodi mpya ana haki ya kujua ni huduma ipi aliyonyang'anywa badala yake.