Barua ya Mzazi: Ibada ya Wengi na Haki ya Wachache Shuleni

Mhariri aliniomba niandike ukurasa mmoja wa historia. Alitumaini, nadhani, kwamba ningeandika juu ya timu ya kandanda na vikombe vyake. Naomba radhi. Kuna jambo ambalo limenikaa rohoni tangu nilipokuwa hapo, na mwaka huu limerudi kwa mlango mwingine.

Waliokuwa nami kidato cha nne watakumbuka kwamba nilikuwa kiranja wa ibada. Kila Jumapili asubuhi nilisimama mlangoni mwa kanisa na daftari mkononi, nikiweka alama kwa waliohudhuria. Walikuwapo wavulana sita Waislamu, watano wa pwani na mmoja wa Garissa. Wazazi wao walikuwa wameandika barua kama sheria ilivyotaka, na kwa hiyo hawakulazimishwa kuingia. Hapo sheria ilitimizwa. Lakini shule ilikuwa na desturi kwamba hapana mwanafunzi wa kukaa bure wakati wenzake wako ibadani, na mimi ndiye niliyewaandikia kazi: kufyeka nyasi nyuma ya jiko, kupasua kuni, kusafisha mitaro. Sisi tulipokuwa tukiimba ndani, mlio wa mafyekeo uliingia kwa dirishani. Siku nyingine zote za juma, kufyeka nyasi zile kulikuwa adhabu. Mimi sikuona kosa lolote. Nilijiona mtu wa haki, maana kazi niliwagawia sawasawa.

Baadaye nikawa mwalimu wa historia, na siku moja nikajiuliza swali ambalo ningalifaa kujiuliza mlangoni pale: barua ile ya mzazi ilitoka wapi?

Kwa upande wa Kenya jibu si gumu. Katiba ya uhuru ya mwaka 1963 ilisema kwamba mtu anayesoma mahali popote pa elimu asilazimishwe kufundishwa dini isiyo yake, wala kushiriki katika ibada yake, ila kwa ridhaa yake mwenyewe, au ya mlezi wake ikiwa bado ni mtoto. Mwaka 1964 Tume ya Elimu, chini ya uenyekiti wa Profesa Simeon Ominde, ilitoa sehemu ya kwanza ya taarifa yake. Tume ilishika msimamo kwamba nchi isiyo na dini ya serikali yapaswa kuheshimu imani za watu wote katika shule za umma. Kisha ikaja Sheria ya Elimu ya mwaka 1968. Shule nyingi zilizokuwa za misheni ziliingia mikononi mwa umma, na kanisa lililozianzisha likabaki na cheo cha mfadhili. Sheria hiyo hiyo ndiyo iliyompa mzazi ruhusa ya kuomba mwanawe asihudhurie ibada au masomo ya dini. Barua za wale sita zilitokana na kifungu hicho.

Lakini kifungu hicho hakikuzaliwa Nairobi. Kilikuja kimekwisha zeeka. Ili tukielewe yatupasa kwenda Uingereza, kwenye Sheria ya Elimu ya mwaka 1870. Wakati ule shule nyingi za watoto wa maskini zilikuwa za Kanisa la Anglikana. Katika vijiji vingi ilikuwapo shule moja tu, nayo ni hiyo. Mtoto wa Mbaptisti au wa Mmethodisti aliyetaka kujua kusoma na kuhesabu alilazimika kukariri katekisimu ya kanisa ambalo wazazi wake walikuwa wamelihama. Wachache hao walilalamika kwa miaka mingi. Sheria ya 1870 ikawapa kile kilichoitwa kifungu cha dhamiri: mzazi angeweza kumtoa mwanawe katika ibada na mafundisho ya dini.

Waliotunga kifungu kile walikuwa watu makini kuliko mimi na daftari langu. Walijua kwamba ruhusa ya kutoka yaweza kugeuzwa kuwa mzigo. Kwa hiyo waliandika kwamba ibada ifanywe mwanzoni au mwishoni mwa kipindi cha shule, ili anayetoka asikose hesabu wala kusoma. Wakaongeza kwamba mtoto anayetolewa asipoteze faida nyingine yoyote ya shule. Nimeyasoma maneno hayo mara nyingi, na kila mara nakumbuka nyasi za nyuma ya jiko.

Basi tuone vizuri ni nani alimkinga nani. Ngao iliyomfikia mvulana Mwislamu wa Garissa ilifuliwa na Wakristo wachache, ili kujikinga na Wakristo wengi.

Na ngao hiyo ilizunguka ikarudi kwa njia ya ajabu. Mwaka 2014, katika shule moja ya kutwa mjini Isiolo, kiongozi wa kaunti aliomba wasichana Waislamu waruhusiwe kuvaa hijabu pamoja na sare ya shule. Mfadhili wa shule hiyo alikuwa Kanisa la Methodisti, ambalo limekuwapo nchini tangu wamisheni wake walipofika Ribe mwaka 1862. Kanisa lilikwenda mahakamani. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi, nami sitaki kuidharau: sare ni ya kuwafanya watoto wawe kitu kimoja, na ukimpendelea mmoja kwa ajili ya dini yake, umewabagua wengine. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ilikubaliana na Kanisa. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ikapindua uamuzi huo. Majaji walieleza kwamba kanuni yaweza kuwa sawa kwa wote machoni, na bado ikamuumiza mtu wa kundi moja tu. Hapo haki ni kumpa nafasi, maadamu shule haiharibikiwi. Kisha, Januari 2019, wengi wa majaji wa Mahakama ya Juu waliufuta uamuzi wa Rufani kwa sababu ya utaratibu: ombi la upande wa hijabu halikuwasilishwa ipasavyo tangu mwanzo. Jaji Ojwang hakukubaliana nao. Kwa hiyo mahakama ile kubwa kuliko zote haikutamka kwamba hijabu ni kosa, wala haikutamka kwamba ni haki. Ilimwachia atakayeleta shauri vizuri zaidi.

Tusisahau pia kwamba Waislamu, walio wachache katika taifa, ni wengi katika Isiolo. Nani ni wengi na nani ni wachache hutegemea umesimama wapi. Mkristo anayedhani habari hii haimhusu na aende akafundishe mwaka mmoja mbali na kwao.

Wala si Waislamu peke yao. Waadventista Wasabato ni Wakristo kama wale wa 1870, na shida yao ilikuwa siku, si vazi. Shule zilipanga masomo na mitihani siku ya Jumamosi. Walishindwa katika Mahakama Kuu, wakakata rufani, na mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ikawakubalia wanafunzi wao waiheshimu Sabato tangu jua linapotua Ijumaa mpaka linapotua Jumamosi.

Marekani walichukua njia nyingine kabisa. Katika jimbo la New York wakuu wa elimu walitunga sala fupi ya maneno 22, isiyotaja kanisa lolote, isomwe kila asubuhi. Asiyetaka aliruhusiwa kunyamaza au kutoka nje. Mwaka 1962 Mahakama Kuu ya nchi ile iliamua kwamba kutunga sala si kazi ya serikali, na kwamba ruhusa ya kutoka haiponyi kosa hilo. Mtoto bado anaweza kusali mwenyewe. Anayekatazwa ni mkuu wa shule kumsalisha. Mimi sipendekezi tuifuate njia hiyo. Shule yetu ina nyimbo zake, na mpaka leo nikizisikia machozi hunilenga. Wengi nao wana haki ya kuabudu kwa sauti, hasa ndani ya nyumba waliyoijenga wenyewe. Lakini majaji wale waliona jambo nililolikosa nikiwa na miaka 18: kwamba mtoto anayetoka nje peke yake, mbele ya wenzake wote, analipa kitu.

Hapa kwetu sheria imesogea pia. Katiba ya 2010 yasema hapana dini ya serikali, na kwamba mtu asinyimwe nafasi katika taasisi kwa sababu ya imani yake. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inampa mfadhili kazi ya kukuza maisha ya kiroho shuleni, na papo hapo inamtaka alinde imani za wengine. Mambo hayo mawili yamewekwa katika kifungu kimoja, na hakuna aliyepewa ruhusa ya kusoma nusu yake.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike. Katika barua yake kwa chama chetu, Mwalimu Mkuu ametaja haja mbili. Ya kwanza, bati za kanisa zinavuja juu ya kwaya. Ya pili, wanafunzi Waislamu wameomba ile stoo ya zamani nyuma ya jiko, wakaisafishe wapate mahali pa kuswalia. Hawakuomba fedha, waliomba ufunguo. Wenzetu kadhaa wamejibu kwamba shule ni ya Kanisa na jambo hilo lisijadiliwe. Nawaheshimu, maana baadhi yao walikuwa viranja wangu. Nawaomba tu wakumbuke ndani ya stoo ile mlihifadhiwa nini. Ndimo yalimokuwa mafyekeo, na ufunguo wake Jumapili ulikuwa mfukoni mwangu.

Mchango wangu wa bati nimekwisha utuma. Nimetuma na wa stoo, kwa ajili ya saruji ya sakafu na bomba la maji ya kutawadhia, na nimemwomba mweka hazina aandike risiti mbili. Suala hili litaletwa mbele ya mkutano mkuu siku ya kukutana kwetu, kabla ya chakula cha mchana. Mmoja wa wale sita ameniandikia kwamba atakuja. Hakutaja nyasi, nami nilipomjibu sikuzitaja. Nitamtafuta kabla ya kengele.