Sauti Iliyoachana na Picha

Unyevu wa bonde la Rufiji haubagui. Huko Mahege na kwingineko Kibiti, nchi ya mto na mikoko, chuma huliwa na kutu, kasha la ngozi huota ukungu, na kioo cha lenzi hutanda kuvu jeupe mithili ya utandu wa buibui. Aprili 2024 mto ulifurika ukaingia mashambani na majumbani mwa watu wa Rufiji na Kibiti. Mashine ya kuonyeshea sinema za nyumbani, iliyobuniwa kwa sebule kavu za Marekani na Ulaya, haikuumbiwa nchi ya namna hii. Hata hivyo ina ukaidi wake: hufa polepole, na aghalabu hufufuka. Kinachokufa upesi ni kile inachokionyesha.

Kampuni ya Kodak ilitoa filamu ya milimita 16 mwaka 1923, ikawa ndiyo sinema ya watu wasiokuwa na jumba la sinema. Filamu za majumba makubwa zama hizo zilishika moto kwa urahisi wa kutisha; hii mpya ilifanywa kwa asetati isiyolipuka, ili mtu aweze kuiwasha mbele ya wanawe bila hofu. Ndani ya mashine, ukucha mdogo wa chuma huingia katika tundu la filamu, huivuta picha moja chini, huiacha itulie mbele ya taa, kisha huirudia kazi hiyo mara 16 kwa sekunde, au mara 24 ikiwa filamu ina sauti. Kibati kinachozunguka huukata mwanga kila picha inapohama, jicho lisione mvuto wake. Hiyo ndiyo siri yote.

Anayeirithi mashine hiyo hushawishika kuichomeka kwenye umeme papo hapo. Ni kosa. Grisi ya miaka 70 imekwisha kuganda kama nta, na mota ikilazimishwa huungua au huvunja meno ya magurudumu. Kwanza huzungushwa kwa mkono. Waya zenye mpira uliopasuka hubadilishwa, na mashine ya Kimarekani ya volti 110 haipewi umeme wetu wa 230 bila kifaa cha kuupunguza. Mkanda wa mpira ulioyeyuka ukawa kama lami hufutwa kwa spiriti. Kidirisha ambamo filamu hupita mbele ya taa husuguliwa kwa kijiti laini na kitambaa, kamwe si kwa kisu, kwani mkwaruzo mmoja hapo utaikwaruza kila filamu itakayopita. Mafuta ya cherehani hutiwa tone kwa tone; yakizidi, yataishia juu ya picha. Kuvu la lenzi, likiwahiwa, hufutika. Likichelewa huwa limekwisha kukichimba kioo.

Baada ya yote hayo mashine hung'aa, na hapo ndipo hatari ilipo. Mashine za awali zilikuwa na meno pande zote mbili, kwa kuwa filamu bubu ilikuwa na matundu pande zote mbili. Filamu ya sauti ina matundu upande mmoja tu. Upande wa pili umeachiwa mstari wa sauti. Ikitiwa katika mashine ya meno mawili, meno huutoboa mstari huo tangu mwanzo hadi mwisho. Fundi aliyeifufua mashine huwa, kwa dakika chache, ameiua sauti.

Katika Tanganyika, hata hivyo, sauti ilikwisha kutenganishwa na picha kwa makusudi. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Meja L. A. Notcutt, aliyewahi kusimamia mashamba ya mkonge, aliongoza jaribio la kutengeneza sinema za kuwafundisha Waafrika. Baraza la Kimataifa la Wamisionari lililisimamia, na shirika la Carnegie la New York likalitolea fedha. Zilitengenezwa filamu 35 za milimita 16, zikazungushwa kwa lori lenye mtambo wa umeme katika Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Mojawapo iliwafunza watu kuweka akiba benki ya posta badala ya kuzika fedha ardhini. Dhamiri ya wakubwa hao haikufichika: mwalimu alikuwa wao, na aliyechezeshwa ujinga alikuwa mwenyeji.

Sauti haikuwekwa kwenye filamu, bali kwenye sahani za santuri. Ilikuwa rahisi, na ilikuwa na busara yake: picha ile ile iliweza kusema Kiswahili hapa na Kiganda kule, kwa kubadilisha sahani tu. Lakini sindano ikiruka au filamu ikikatika, kinywa na neno viliachana. Na busara hiyo hiyo iliifanya sauti kuwa kitu cha kupotea peke yake.

Katika zile 35, zinazojulikana kusalimika ni tatu, zimehifadhiwa Uingereza: moja ya mafunzo ya utabibu wa mifugo, moja ya safura, na moja ya mashamba ya wakulima wa Kingolwira, karibu na Morogoro. Zote ni za mwaka 1936. Mtu anaweza leo kuisafisha mashine ya zama zile hadi ukucha wake ukatembea kama siku ya kwanza, akaipitisha filamu ya Kingolwira, na ukanda wenyewe usimpe hata neno moja la Kiswahili.

Kwa hiyo, palipo na mashine ya zamani kabatini, Mahege au Unguja, lenye haraka ni boksi la filamu lililo pembeni yake. Lifunguliwe na linuswe. Harufu ya siki ni dalili kwamba asetati imeanza kuoza, na mvuke wake huziambukiza filamu za jirani. Joto na unyevu wa pwani huuharakisha uozo huo. Zilizoanza kunuka hutengwa na nzima, huwekwa pakavu na penye ubaridi, na hunakiliwa kabla hazijasinyaa kiasi cha matundu kutokutana na ukucha. Mashine inaweza kungoja mwaka mwingine.