Okidi ya Madagascar: Ua la Kutazamwa Ubavuni

Mmisionari William Ellis alikwenda Madagascar mara tatu kati ya mwaka 1853 na 1856, akitumwa na London Missionary Society kujua hali ya Wakristo chini ya Malkia Ranavalona wa Kwanza. Alikwenda na kamera na dawa za kusafishia picha, akarudi na mimea hai. Mmoja wa mimea hiyo ulikuwa Angraecum sesquipedale, okidi ambayo Mfaransa Aubert du Petit-Thouars alikuwa ameikuta kisiwani humo mwishoni mwa karne ya 18 na kuitangaza kwa wanasayansi mwaka 1822. Mwaka 1857 okidi ya Ellis ilichanua Uingereza. Mwaka uliofuata kikatoka kitabu chake cha safari, ambamo picha alizopiga zilibidi kwanza zichongwe kwenye mbao ndipo zichapwe, kwa kuwa mitambo ya siku zile haikuweza kuitia picha ya kamera moja kwa moja kwenye ukurasa.

Kuotesha mimea na kupiga picha vilikutana kwa watu wa aina hiyo. John Kirk naye, daktari na mtaalamu wa mimea katika msafara wa Livingstone wa mto Zambezi, alipiga picha za mto na miti, kisha akaishi Unguja kwa miaka mingi akiwa mtumishi wa ubalozi wa Uingereza na hatimaye balozi, huku akituma mimea kwenye bustani ya Kew. Aerangis kirkii, okidi ndogo nyeupe yenye umbo la nyota inayoota Afrika Mashariki, imepewa jina lake.

Lakini kamera ya wakati huo ilikuwa na upofu wake. Vioo vilivyopakwa dawa vilipokea vizuri mwanga wa buluu, ila kijani, njano na nyekundu vilitoka vyeusi. Ndiyo maana wachoraji hawakukosa kazi. Royal Horticultural Society ilimwajiri Nellie Roberts mwaka 1897 achore kwa rangi kila okidi iliyopata tuzo, naye akaendelea hadi 1953. Kilichotafutwa katika maonyesho ya tuzo hizo kilikuwa sura: upana wa petali, ulinganifu wake, rangi ya mdomo wa ua. Desturi ya kulitazama ua usoni iliota mizizi, na wapiga picha wakairithi.

Kwa Angraecum sesquipedale, desturi hiyo inaficha jambo kubwa kuliko yote. Ukilitazama kwa mbele unaona nyota nyeupe kama nta, na basi. Ukizunguka ubavuni ndipo unapouona mrija mwembamba wa kijani unaoning'inia nyuma ya ua, wenye urefu unaokaribia sentimita 30. Januari 1862 James Bateman, tajiri mpenda okidi, alimpelekea Charles Darwin maua ya mmea huu. Darwin alipima mrija na kukuta kwamba mbochi umejaa sehemu ya chini tu, kama sentimita 4. Akahitimisha kuwa Madagascar lazima awepo nondo mwenye ulimi wa kufika huko, la sivyo ua hili lisingepata wa kulichavusha.

Baadhi ya wataalamu wa wadudu walimcheka. Mwanasayansi mwenzake Alfred Russel Wallace alimtetea mwaka 1867, akitaja nondo wa Afrika aliyehifadhiwa katika jumba la makumbusho la London, mwenye ulimi wa sentimita 19 hivi. Alisema nondo wa Madagascar atafutwe, kwani yupo. Mwaka 1903, Darwin akiwa ameshafariki zaidi ya miaka 20, wataalamu wa wadudu Rothschild na Jordan walimtangaza nondo huyo kuwa nususpishi ya yule wa bara la Afrika. Mwaka 2021 alipandishwa na kuwa spishi kamili, Xanthopan praedicta.

Huko vitaluni Uingereza, watu walikuwa wakifanya kazi ya nondo kwa mikono yao. John Dominy, mtunza bustani wa kampuni ya Veitch, alichanuisha okidi chotara ya kwanza mwaka 1856. Mwenzake John Seden akachanganya sesquipedale na Angraecum eburneum, na chotara huyo, Angraecum Veitchii, akatangazwa mwaka 1899. Nampenda kwa kasoro yake: mzazi mmoja huelekeza mdomo wa ua chini, mwingine juu, basi maua ya mtoto hulala upande, kila moja kwa pembe yake. Kumpiga picha ya kupendeza usoni ni shida, na shida hiyo ndiyo nasaba yake. Kuotesha mbegu za okidi wakati ule kulikuwa kama bahati nasibu, kwa sababu ni vumbi lisilo na akiba ya chakula na porini hutegemea kuvu kulishwa. Mfaransa Noël Bernard ndiye aliyefichua siri ya kuvu. Lewis Knudson wa Marekani akaonyesha mwaka 1922 kuwa sukari ndani ya chupa safi yaweza kuchukua nafasi yake. Tangu hapo, anayetaka okidi nyumbani hana sababu ya kuing'oa msituni.

Picha ambayo Darwin angeipenda ilichelewa mno. Mwaka 1992 Mjerumani Lutz Wasserthal alimshuhudia nondo huko Madagascar akinyonya ua hilo na kubeba chavua yake, akapiga picha. Hapo ua, mrija na ulimi vilionekana pamoja, miaka 130 baada ya utabiri.

Nasi pwani ya Afrika Mashariki tunaye ndugu wa karibu wa okidi hiyo. Angraecum eburneum wa kwetu, nususpishi giryamae iliyopewa jina la Wagiriama, huota juu ya miti na kwenye miamba ya matumbawe Kenya na Tanzania. Majani yake ni marefu na mazito, maua meupe na kijani yakigeuza mdomo juu, na harufu yake huzidi usiku. Mwenye simu nzuri anaweza kuipiga picha yenye thamani ya kisayansi: asimame ubavuni ili mrija uonekane wote, mwanga utoke pembeni ili weupe usiungue, rula iwekwe kando ya mrija, na mwamba au gome la mti libaki ndani ya picha. Jina la kijiji na alama za ramani ziondolewe kabla ya kuisambaza, maana wang'oaji nao hutazama picha.