Udhaifu Unaohama: Historia ya Ujenzi wa Bagi za Kasi Zinazoendeshwa kwa Umeme na Kuongozwa kwa Redio

1.0 Utangulizi

Maelezo yaliyozoeleka kuhusu magari madogo ya kuongozwa kwa redio huifungamanisha kasi na mota: kadiri mota ilivyopata nguvu, ndivyo gari lilivyokimbia zaidi. Makala hii inapinga mtazamo huo. Inachunguza bagi ya umeme ya kipimo cha 1:10, yaani gari dogo jepesi lenye magurudumu mapana, lililobuniwa kukimbia kwenye mchanga, vumbi na matuta. Hoja kuu ni kwamba kila ongezeko la nguvu lilihamishia udhaifu kwenye kiungo kingine cha gari, na kwamba mtu wa kwanza kukutana na udhaifu huo alikuwa mara nyingi mnunuzi aliyeliunda gari hilo mezani kwake. Hoja hii inagusa swali la msingi katika historia ya teknolojia: ni nani anayestahili kuhesabiwa kuwa mbunifu, kiwanda au mtumiaji?

2.0 Kutoka Sakafuni hadi Mchangani, 1976–1984

Mwaka 1976 kampuni ya Tamiya ya Shizuoka, Japani, ilitoa gari lake la kwanza la kuongozwa kwa redio, mfano wa Porsche 934 wa kipimo cha 1:12. Katika maandalizi yake, kampuni hiyo ilinunua gari halisi aina ya Porsche 911 na kulifungua vipande vipande ili kulichunguza. Mnunuzi naye alipewa kazi iliyo kinyume cha hiyo: alipokea vipande ndani ya boksi, akaviunganisha mwenyewe kwa kufuata michoro. Hata hivyo, gari hilo lilihitaji sakafu au lami iliyo sawa. Kokoto moja ilitosha kulitoa kwenye mwelekeo wake.

Mabadiliko yalikuja mwaka 1979, Tamiya ilipotoa Rough Rider na Sand Scorcher. Muundo wa magari haya ulifuata ule wa magari ya Volkswagen yaliyobadilishwa ili yaweze kukimbia jangwani na ufukweni. Mambo mawili katika muundo huo yanastahili kuzingatiwa. Kwanza, magurudumu yaliegemezwa kwenye shokapu za mafuta. Pili, vifaa vya redio viliwekwa ndani ya kisanduku kilichozibwa dhidi ya maji na mchanga. Hakuna hata moja kati ya mambo hayo lililoongeza nguvu ya mota. Yote mawili yalihusu namna ya kuiwezesha nguvu iliyokuwapo kufanya kazi mahali pabaya.

Ushahidi ulio wazi zaidi unapatikana katika magari mawili ya Tamiya ya mwaka 1984, Grasshopper na Hornet, ambayo yalitumia chasisi inayokaribiana sana. Grasshopper iliuzwa ikiwa na mota ndogo ya aina ya 380, ilhali Hornet ilipewa mota kubwa zaidi ya aina ya 540. Nyuma ya Grasshopper kulikuwa na springi zisizo na mafuta. Nyuma ya Hornet kukawekwa shokapu za mafuta. Sababu yake inaeleweka. Springi iliyobanwa na tuta hurudisha nguvu yote iliyopokea, na gari huanza kurukaruka. Gurudumu lililo hewani halisukumi chochote. Mafuta yanayopenya kwenye vitundu vya pistoni ndani ya shokapu huimeza nguvu hiyo, na tairi hurejea ardhini mapema. Kwa hiyo, mnunuzi wa Grasshopper aliyefunga mota ya 540 bila kubadilisha kitu kingine alipata gari lenye nguvu zaidi ambalo halikuweza kuitumia nguvu hiyo kikamilifu.

3.0 Mashindano kama Maabara, 1984–1990

Mwaka huohuo wa 1984, kampuni ya Associated Electrics ya California ilitoa RC10, gari lililobuniwa na Roger Curtis. Tofauti na mifano iliyojaribu kufanana na magari halisi, RC10 ilitengenezwa kwa lengo la kushindana. Chasisi yake ilikuwa ya alumini yenye rangi ya dhahabu, mikono yake ya magurudumu ilikuwa mirefu, ya nailoni, na shokapu zake za mafuta zilikuwa na miili ya alumini. Nailoni ilichaguliwa kwa sababu hupinda kabla ya kuvunjika, na mkono mrefu huliruhusu gurudumu kupanda na kushuka bila kubadilisha sana pembe yake.

Mwaka 1985 mashindano ya kwanza ya dunia ya IFMAR kwa bagi za umeme za kipimo hiki yalifanyika Del Mar, California. Jay Halsey alitwaa ubingwa wa magari yanayosukumwa na magurudumu mawili akitumia RC10, naye Gil Losi Jr. akatwaa ule wa magurudumu manne akitumia gari la Yokomo kutoka Japani. Matokeo hayo yalionesha kwamba njia zaidi ya moja zingeweza kuleta ushindi, mradi nguvu ifike ardhini.

Nchini Uingereza, tatizo hilohilo lilishughulikiwa kwa njia nyingine. Cecil Schumacher, mhandisi aliyewahi kufanya kazi Cosworth, alibuni difu inayotumia gololi badala ya meno ya gia. Gololi za chuma hubanwa kati ya sahani mbili kwa springi, na mjenzi hukaza au kulegeza skrubu moja ili kuamua ukakamavu wake. Skrubu hiyo ina maana kubwa kihistoria. Mtengenezaji aliacha sehemu ya uamuzi mikononi mwa mtumiaji, kwa kuwa hakuna kipimo kimoja kinachofaa udongo mkavu na udongo mbichi kwa pamoja. Klachi ya kuteleza, iliyoenea baadaye, iliendeleza wazo hilo: gari linapotua kutoka hewani mota ikiwa inazunguka kwa nguvu, klachi huteleza kidogo badala ya meno ya gia kuvunjika.

4.0 Betri na Hesabu ya Kasi

Katika miaka ya 1980, chanzo cha kawaida cha umeme kilikuwa seli 6 za nikeli-kadimiamu zilizounganishwa kwa mfululizo, zenye jumla ya volti 7.2 na ujazo wa miliampea-saa 1,200 hivi. Betri hiyo ikimalizwa kwa dakika 5, wastani wa mkondo ni ampea 14.4, sawa na takriban wati 104. Betri ya kisasa ya lithiamu-polima yenye seli 2, volti 7.4 na miliampea-saa 5,000, ikitumika kwa muda uleule, inaweza kutoa wastani wa ampea 60, sawa na wati 444. Kwa uzito unaokaribiana, nguvu imeongezeka zaidi ya mara nne.

Ongezeko hilo liliambatana na mota zisizo na brashi, zilizoenea katika miaka ya 2000. Mota ya zamani ilipitisha umeme kupitia brashi za kaboni zilizosuguana na komuteta ya shaba. Cheche zake zilivuruga mawimbi ya redio, hivyo mjenzi alilehemu kapasita ndogo kwenye mota. Na komuteta ilipochakaa, washindani waliikereza upya kwa mashine ndogo. Katika mota mpya, sumaku ndiyo inayozunguka, na koili zisizosogea hupokea umeme kwa zamu kutoka kwenye kidhibiti cha transista.

Hata hivyo, kasi bado huamuliwa na uwiano wa gia. Chukua mota inayozunguka mara 3,300 kwa dakika kwa kila volti. Kwa volti 7.4 itafikia mizunguko 24,420. Uwiano wa gia ukiwa 8 kwa 1, gurudumu huzunguka mara 3,052 kwa dakika. Likiwa na kipenyo cha milimita 85, gari litakimbia karibu kilomita 49 kwa saa kabla ya kuhesabu msuguano, upepo na kushuka kwa volti. Uwiano ukipunguzwa hadi 6 kwa 1, hesabu inatoa kilomita 65. Kilomita hizo 16 za nyongeza zina gharama: mota huvuta mkondo mkubwa zaidi na kupata joto zaidi. Kadhalika, kasi ikiongezeka maradufu, nishati ya kugonga huongezeka mara nne. Ufa mdogo kwenye mkono wa gurudumu, ambao ungevumilika katika mwendo wa kilomita 25, huwa hatari katika mwendo wa kilomita 50. Betri yenyewe nayo imekuwa kiungo cha kuchungwa, kwani seli ya lithiamu-polima inayochajiwa kupita volti 4.2 inaweza kuwaka moto.

5.0 Mjenzi na Nafasi Yake

Mifano iliyotajwa inaonesha mfuatano mmoja. Mota ilipoimarika, udhaifu ulihamia kwenye springi. Springi zilipopata mafuta, ukahamia kwenye difu na gia. Gia zilipolindwa kwa klachi, ukahamia kwenye betri. Na betri ilipobadilika, ukarudi kwenye joto la mota na uimara wa mikono ya magurudumu. Kila hatua ilihitaji mtu aliyekwisha kulifungua gari na kujua kilichokatika.

Katika miongo ya karibuni, magari mengi huuzwa yakiwa yamekwisha kuundwa kiwandani, ingawa bagi za mashindano bado huuzwa kwa vipande. Mnunuzi wa gari lililokamilika anapata kasi ambayo bingwa wa mwaka 1985 hakuwa nayo, lakini anaipata kabla ya kujua inapita wapi. Skrubu ya difu ipo palepale. Kilichopungua ni sababu ya kuigusa.

6.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kwamba historia ya kasi ya bagi za umeme haiwezi kuandikwa kwa kufuata mota peke yake, wala kwa kutegemea orodha za bidhaa za viwanda. Gari lililotumika ni ushahidi unaojitegemea: mota iliyobadilishwa, tundu lililotobolewa upya, shokapu iliyohamishwa kutoka gari jingine, vyote ni kumbukumbu za maamuzi ya mjenzi ambaye jina lake halikuandikwa popote. Mtafiti anapaswa kuwa mwangalifu, kwa kuwa viwanda vimetoa upya mifano ya zamani, ikiwemo Sand Scorcher na RC10, na gari safi la toleo jipya haliwezi kusema kile kinachosemwa na gari lililochakaa. Uhifadhi unaothamini zaidi magari yasiyoguswa ndani ya maboksi yake unahatarisha kupoteza sehemu ya historia hii iliyo na maelezo mengi zaidi, yaani magari yaliyovunjika na kutengenezwa tena.